Shangazi Aliyeharibu Picha

Juzi kwenye harusi huko Kerege, wanawake tuliovaa sare ya zambarau tulipangwa tupigwe picha na bibi harusi. Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, akaja amejifunga kanga iliyopauka. Msimamizi akamnyooshea kidole.

"Bi mkubwa, sare iko wapi?"

"Mwanangu, kanga hii ni ya marehemu mama yake bibi harusi. Nataka na yeye awepo."

"Haya, kaa kule nyuma, utatuharibia picha!"

Wenzangu wakacheka. Bibi harusi akainamisha kichwa.

Jamani! Siku ya Kiyama tutafufuliwa bila nguo. Sijui hao wa sare watajipanga vipi. Nasema hao, astaghfirullah, na mimi nilikuwemo. Mpiga picha alipolalamika kuwa pana pengo kando ya bibi harusi, niliyesogea kuliziba ni mimi.