Mstari wa Tatu Haukuwa na Kosa

Msinipe pole, maana niliyoyafanya niliyafanya nikiwa na akili timamu. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa chuo kikuu, mzaliwa wa Suji huku Upareni, na nilimharibia maisha binti wa watu ili jina langu lisichafuke.

Nilisomea makundi. Si makundi ya vijana wa vijiweni. Ni hesabu ya mambo yanayobadilishana nafasi, kama zamu za maji shambani: hata ukizipangua na kuzipanga upya, kuna sheria zisizovunjika. Ujanani niliandika sheria moja, nikaitolea uthibitisho, ikanipa udaktari na safari za ndege. Kijijini wakaniita profesa hata kabla sijawa.

Nilikuwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka Kihurio, nimwite Zaina. Likizo moja alipanda mlima hadi nyumbani kwetu, amebeba mchele wa kwao kwenye kiroba. Mama yangu alimpenda palepale, akampakulia makande. Alipomaliza kula akafungua daftari.

"Mwalimu, samahani. Nimepata kundi moja linaloikataa sheria yako. Labda nimekosea mimi."

Kwenye hesabu, mfano mmoja tu unaokataa unaua sheria nzima. Nilisoma. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshaona kwamba yuko sahihi.

Angeweza kuyasema hayo chuoni mbele ya wenzangu. Hakutaka kuniaibisha. Kwetu kosa la mkubwa hupelekwa nyumbani kwake, taratibu, bila kelele. Heshima hiyohiyo ndiyo kamba niliyomnyongea, maana hapakuwa na shahidi anayejua hesabu.

"Umekosea mstari wa tatu," nikamwambia. "Rudia."

Mstari wa tatu haukuwa na kosa lolote.

Akarudia mwaka mzima. Kila alipoleta, nilimtafutia mstari mwingine. Na niseme lote: nilianza kuona utamu. Msichana aliyekuwa akipiga hesabu kichwani alianza kuhakiki saba mara nane kwenye simu. Siku moja nikasema mbele yake na walimu wenzangu, "Wengine fungu lao ni jembe." Wakacheka. Zaina naye akacheka, kisha akafungasha vitu vyake na hakurudi tena.

Wapare tunataniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Mimi kesi yangu ilikuwa ya kuku kweli, ila ng'ombe niliyemuuza hakuwa wangu.

Miaka ikapita. Juzijuzi mtu wa ng'ambo akachapisha kundi lilelile. Kila nilichowahi kuandika kilikuwa kimesimama juu ya ile sheria, kikaanguka chote. Mialiko ikakoma. Uprofesa nimebaki nao kijijini tu, kwa wasiojua.

Nikashuka Kihurio na karatasi za yule mtu. Nilimkuta Zaina kwenye mpunga, maji yamemfika juu ya vifundo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Sikustahili, lakini niliitika.

Akafuta mikono kwenye kanga, akasoma akiwa amesimama majini. Akarudia kusoma.

"Hii inafanana na ile yangu," alisema. "Au labda nimekosea mimi?"

"Hukukosea. Nilijua siku ileile, kabla chai haijapoa."

Hakulia wala hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru.

"Mama alinipeleka kwa shehe nikasomewa," alisema. "Tulidhani akili imeniruka." Akanirudishia karatasi zangu, zimelowa pembeni. "Samahani mwalimu, zamu yangu ya maji inaisha."

Akainama kuzibua mfereji. Nikapanda tuta, nikaondoka na karatasi zangu.

Wakubwa wenzangu siwapi ushauri. Mnajua mnachofanya, kama mimi nilivyojua. Nawaambia vijana: mkubwa wako akikosea, mheshimu, mpelekee nyumbani, kula na makande ya mama yake. Lakini usiende peke yako. Na akikwambia urudie mstari wa tatu, mwombe akuonyeshe kosa lenyewe kwa kidole chake.