Gome la Waisiko na Maziwa ya Selestina

Waisiko wa Machochwe hakuwa mwanamke mbaya. Atakayesema alikuwa mbaya hajawahi kuwaona ng'ombe wa mahari ya binti yake wakienda kulipa mahari ya mke mwenza.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1956. Verdiana, mtoto wake wa pekee, aliolewa Issenye, ng'ombe wakaingia bomani kwa Mniko, mume wa Waisiko. Kwa desturi ya Wakurya, ng'ombe wale walikuwa wa nyumba ya Waisiko. Hata mwaka haukuisha, Mniko akawaswaga hadi Kenyamonta na kurudi na Selestina, msichana wa mwendo usio na haraka. Ng'ombe mmoja aliyebaki, mwekundu mwenye maziwa mengi, naye akapewa Selestina amkamue.

Zamani Mniko alikunywa maziwa kila jioni kwa Waisiko, maziwa ya mgando yaliyolala siku tatu katika kibuyu kilichofukizwa moshi. Sasa alikunywa kwa mke mdogo, mabichi, yenye povu na joto la kiwele. Waisiko alimsikia akicheka ndani ya nyumba ile. Kwake hakuwa amecheka hivyo tangu Verdiana alipoota meno. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Waisiko alikonda kweli mpaka bangili zikaanza kumvuka mkononi.

Halafu magoti ya Mniko yakavimba. Pale bomani aliyejua dawa ya magoti ni Waisiko. Ni gome chungu la mti wa porini, linachemshwa mpaka maji yawe mekundu, mgonjwa anakunywa asubuhi na jioni mwezi mzima. Dawa hiyo ina mwiko mmoja: anayeinywa hagusi maziwa mabichi. Mgando ruksa, mabichi hapana. Waisiko alifundishwa mwiko huo na mama yake. Akampa Mniko gome, mwiko akaubakiza moyoni.

Siku hizi wasomi wanaweza kutueleza. Ndani ya utumbo kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuikata sukari ya maziwa ili mwili uipokee. Yapo magome na majani ambayo vitu vichungu vilivyomo hukizuia kimeng'enya hicho, na sukari ikateremka bila kukatwa, ikachacha huko chini, tumbo likajaa hewa. Mgando umekwisha kuchacha kibuyuni na sehemu ya sukari yake imeliwa tayari na vijidudu, kwa hiyo hausumbui sana. Waisiko hakujua hata neno moja kati ya hayo. Alijua tu kwamba tumbo la mumewe litanguruma, na likanguruma.

Mniko akawa mtu wa kukimbilia vichakani. Waisiko, akiwa mtoni na wenzake, akasema kwa sauti ya huruma kwamba wasichana wa siku hizi hawajui kuosha kibuyu. Neno likatembea. Baada ya wiki mbili Rubeni, kaka yake Mniko, alikuwa akisema waziwazi kwamba msichana mchafu arudishwe kwao. Waisiko aliposikia alifurahi, tena sana, tusimfichie.

Cha ajabu, Mniko hakuacha kunywa. Kila jioni alikwenda, akanywa, akaugua. Selestina alikisugua kibuyu mpaka vidole vikachubuka, akabadilisha kuni za kufukizia, mwisho akaja kupiga magoti kwa mke mkubwa.

"Mama, nifundishe kuosha kibuyu," alisema.

Waisiko akamfundisha hatua kwa hatua, huku akijua kibuyu kile kilikuwa kisafi kuliko chake.

Jioni ile alimpelekea Mniko dawa kwenye lango la zizi. Alikuwa amejiapiza asiulize, lakini wivu ulimfungua mdomo. Alitaka kujua msichana yule ana nini hata mwanamume akubali kuugua kwa ajili yake.

"Baba Verdiana, kwa nini huyaachi yale maziwa?"

Mniko alipokea dawa, akainywa yote kabla ya kujibu.

"Mama yangu alichemsha gome hilihili kabla hujaolewa hapa. Mwiko wake naujua."

Waisiko akapokea chombo kitupu.

"Nikiacha maziwa yake, atarudishwa kwao," Mniko akaendelea. "Nikiacha dawa yako, utasema nimekutupa. Nikiwaambia watu mwiko, watajua ni nani aliyenyamaza. Basi nakunywa vyote."

Hakuwa hata amekasirika. Waisiko alikuwa amemwonea Selestina wivu kwa kila tone lililomwingia mumewe mdomoni, kumbe nusu ya maumivu yale mwanamume aliyabeba kwa ajili yake yeye.

Asubuhi alibeba kibuyu chake cha mgando hadi nyumba ya mke mdogo, akamwita Rubeni na waliokuwapo.

"Kibuyu cha binti huyu ni kisafi," alisema. "Mwenye uchafu ni mimi."

Akaueleza mwiko, akamkabidhi Selestina mgando amnyweshe mume wao. Rubeni alitema mate chini, akaondoka bila kumuaga.

Jioni Waisiko alimsikia Mniko akinywa maziwa yake yeye katika nyumba ya mwenzake, na akicheka kama kawaida. Wivu ulimuuma vilevile. Akavuta chungu, akaanza kuchemsha gome la kesho.