Jina Alilolitaka Mitsuyo

Kabla ya kutamka jina lolote, Mitsuyo aliliandika kwanza kwa kidole kwenye kiganja cha kushoto, kisha akakunja ngumi kama anayeficha kitu. Hakuiacha tabia hiyo hata kitandani hospitalini.

Tulikuwa wasaidizi wanne wa mchoraji Iwabuchi, tuliyemwita mwalimu, katika mtaa wa Nerima, tukimchorea hadithi yake ya picha iliyotoka kila wiki. Mimi nilikuwa nimehitimu chuo cha sanaa. Mitsuyo aliishia sekondari, na kazi yake ilikuwa kukoleza mistari kwa wino. Lakini kila alipoingia mtu mpya katika hadithi, mwalimu alimgeukia yeye. Kijana asiyecheka, Mitsuyo akampa jina lenye herufi ya theluji, maana kwetu kila herufi ya jina ina maana yake. Mpishi mkali mwenye moyo laini akapata herufi ya lile tunda lenye miiba nje na utamu ndani. Msomaji alimjua mtu kabla hajafungua kinywa.

Mimi nilichora mapaa na nguzo za umeme. Siku niliyothubutu kupendekeza jina, mwalimu alisema, “Hisae-san, wewe tujengee nyumba. Wakazi mwachie Mitsuyo.” Wenzangu walicheka. Nami nikacheka nao, nikarudi kwenye nguzo zangu.

Kisha akahitajika msichana mwenye wivu, mshindani wa shujaa wetu. Mwalimu akataka kila mmoja wetu alete jina. Nilishinda na kamusi siku tatu, nikaja na Reika, kwa herufi za baridi na ua. Mitsuyo alileta Tome, jina la kizamani ambalo wazazi waliochoka kupata mabinti walimpa wa mwisho, kama kusema hapa tukome. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba aliyeitwa hivyo tangu kuzaliwa hawezi kumwona mwenzake akipendwa asiumie. Mwalimu akaliandika ubaoni.

Wenzangu walipotoka kwenda kula tambi, nilibaki. Nilimwambia mwalimu kwamba wako bibi wengi wenye jina hilo, na wajukuu wao watamlalamikia mhariri. Bibi hao sikuwahurumia hata kidogo. Kesho yake ubaoni palikuwa na Reika.

Wasomaji hawakumjali. Alikuwa mzuri na mkali, basi, kama wengine mia. Baada ya wiki saba mwalimu akamwondoa hadithini kwa kumhamishia shule nyingine, na mimi nikarudi kwenye mapaa yangu. Mitsuyo aliendelea kukoleza mistari yake kwa wino. Mwisho wa mwaka aliacha kazi, akaenda kwao Niigata kumuuguza mama yake.

Miaka ishirini ilipita. Majira ya kuchipua yaliyopita nilisikia kwamba sasa anayeugua ni yeye, nikamfuata hospitalini na kikapu cha stroberi. Muuguzi mgeni alipojitambulisha, kidole cha Mitsuyo kilitembea kiganjani. Nilipobaki naye nikamweleza yote, nikiangalia dirishani.

“Najua,” alisema. “Mwalimu aliniambia siku ileile.”

“Na ukanyamaza?”

“Ulitaka sana jina lako lichaguliwe, mwenzangu. Ilionekana usoni mwako.”

Hata pale nilimwonea wivu, kwa vile alivyosema bila uchungu. Nilipokuwa nikivaa koti aliandika tena kiganjani, polepole, herufi chache tu. Safari hii hakukunja ngumi.

“Tome lilikuwa jina la mama yangu, Hisae-san. Nilitaka watu wampende, hata kwa wiki moja.”