Kabla Hujasema Wote Wako Hivyo

Bado naiona asubuhi ile, mwanangu. Ukungu ulikuwa haujaondoka bondeni kwetu Nambis, nami napukuchua mahindi na wadogo zangu. Baba mdogo akafika kutoka Endagikot. Tulimpa shikamoo, akaketi, akasema amekuja kutugawa. Mmoja aende Gehandu kuchunga, mwingine kwa shangazi, mimi niolewe.

"Watoto wasio na wazazi huharibika wote," alisema. "Jumapili baada ya ibada wazee watakaa, tumalize."

Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimeacha shule ili wadogo zangu waendelee kusoma na tubaki chini ya paa moja. Usiku nililala nikiwa nimewashika.

Siku hizo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na dada mmoja wa chuo kikuu alikuwa amepanga kwa jirani yetu, Bibi Paskalina. Aliitwa Zuhura, mzaliwa wa Tanga. Alisomea sosholojia, yaani elimu ya namna watu wanavyoishi pamoja, na alikuja kuchunguza maisha ya yatima. Mimi nilimtafsiria Kiiraqw, lugha yetu, nikizunguka naye nyumba kwa nyumba. Majirani walisema watu wa pwani ni wavivu na hawawezi baridi. Kwa baridi walisema kweli, maana alivaa sweta mbili na blanketi juu. Kuhusu uvivu, walimwona akipanda vilima wao hawajanywa hata uji, wakaliacha neno hilo.

Nilishangaa alipoingia pia katika nyumba zenye wazazi.

"Dada, hawa si yatima."

"Najua. Nikiangalia upande mmoja tu, nitajuaje tofauti?" Akapuliza vidole vyake. "Mtu akiniambia 'wote', huwa namuuliza ni akina nani. Amewaona, au amesikia?"

Jumapili ilipofika, baba mdogo alirudia maneno yake mbele ya wazee. Nikasimama.

"Baba mdogo, naomba kuuliza kwa heshima. Hao walioharibika ni akina nani?"

"Wako wengi! Yule kijana anayeiba mbuzi mnadani, je?"

Bibi Paskalina alicheka mpaka akashika mbavu. "Yule? Jana tu umekunywa chai na baba yake!"

Wazee wakacheka. Baba mdogo naye akacheka, kwa shida kidogo. "Haya, binti. Kwa hiyo unasema yatima wote ni wazuri?"

"Hapana, baba. Nimeingia nyumba ambazo watoto wameshindwa, hasa pale ambapo hakuna jirani anayewatembelea. Nimeingia na nyingine zinazolima vizuri kuliko sisi. Yetu hujaiangalia. Njoo uiangalie mpaka mavuno."

Wazee wakakubali. Naye akaja kweli, tena bila taarifa. Alichungulia ghalani, akafunua vyungu, akawauliza wadogo zangu hesabu za shuleni.

Baada ya mavuno alikuja akiswaga ng'ombe mwenye mimba. Unajua desturi yetu: unamweka ng'ombe wako kwa mtu, yeye anamtunza na kunywa maziwa, ndama wanabaki wako. Hakuna anayemweka ng'ombe katika nyumba anayoitilia shaka. Baba mdogo hakurudi kwenye maneno yake ya zamani. Alimfunga kwenye nguzo, akaniambia, "Usimcheleweshe maji."

Kwa maziwa yale wadogo zangu walikua, wote, chini ya paa lile lile.

Basi, mwanangu, utasikia watu wakisema kabila hili liko hivi, wageni wako vile, vijana wa siku hizi hawafai. Usigombane nao. Waulize kwa adabu ni akina nani, na wamewaona wapi. Kisha nawe nenda ukaangalie, pamoja na upande ule ambao hakuna anayeutaja. Ukikuta maneno yao yana ukweli kidogo, ukubali, kama ule wa baridi na sweta za Zuhura.

Mungu akupe macho yenye subira, na siku zote awepo mtu wa kukuamini hata akuwekee ng'ombe wake.