Kibao Kichwa Chini

Kinyozi alipoweka mkasi chini, wastaafu wenzake walifuga kuku. Yeye akaenda kujifunza Kiakadi, lugha ya Babeli ya kale ambayo mtu wa mwisho kuizungumza alikufa zamani za kale na wala hakuacha anwani. Mkewe alisema bora angetafuta mwanamke mwingine, angalau wangekuwa na cha kugombania.

Meza ya chakula ikajaa udongo, maana lugha hiyo iliandikwa kwenye vibao vya udongo mbichi. Mzee anabonyeza kijiti, anatoa alama kama nyayo za hao kuku aliowakataa, anasoma kwa sauti, mkewe anasinzia. Hilo ndilo lililomuuma. Wateja walimsikiliza maisha yake yote, ingawa tuseme ukweli, walikuwa na wembe shingoni.

Siku ya mtihani akamwambia mkewe, "Twende ukasikie mwenyewe. Nikifeli, kesho naleta vifaranga."

Mwalimu, binti wa rika la mjukuu wake, akampa nakala ya plasta ya kibao cha udongo. Upande wa mbele mzee aliutafsiri vizuri tu: maneno ya kumtuliza mtoto anayelia. Kisha akakigeuza kama ukurasa wa kitabu. Sasa, vibao hivyo hupinduliwa kutoka chini kwenda juu. Jambo hilo lilifundishwa siku ya kwanza, wakati yeye akimshauri jirani yake wa dawati kuhusu ndevu. Alama zote zikawa kichwa chini, hakutambua hata moja. Akatupa jicho nyuma, akamwona mkewe yu macho, kakaza shingo. Ulimi ukaondoka wenyewe, akajifanya anasoma. Mke wa mfalme kachoshwa na makelele ya ikulu, kafunga virago, na mfalme anamfuata pekupeku hadi ukingo wa mto.

"Babu," mwalimu akasema taratibu, "umekishika kichwa chini."

Darasa zima likavunjika mbavu. Mzee akarudishwa kwa wanaoanza.

Njiani, kwa aibu, hata salamu za watu aliitikia kwa kichwa. Walipofika kona ya nyumbani, mkewe akauliza,

"Yule mke wa mfalme alivuka?"

"Hakuna mke wa mfalme, mama watoto. Nilitunga."

"Kwani mimi sikuwepo? Nakuuliza, alivuka?"

Mzee akafikiri kidogo. "Alivuka. Lakini kiatu kimoja kilibaki matopeni."

"Enhe," mkewe akasema, akapunguza mwendo.