Mzee Aliyeomba Kuandikwa Mfu

Miaka tisa nimekuwa muuguzi katika kituo cha afya cha Musonoi, pembeni mwa mashimo ya mgodi, na serikali bado haijui kama nimezaliwa. Sina namba ya utumishi. Asiye na namba hana mshahara, na sahihi yake haina kazi. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tunamwuliza kama amekuja na glavu zake na sindano yake. Mwanzoni niliona aibu kuuliza. Siku hizi nauliza kabla ya salamu.

Kituoni tulikuwa watu watano na namba moja tu, ya titilere, mkuu wetu. Yule mzee alikuwa amepita miaka sabini na mikono ilimtetemeka, kwa hiyo mishipa ya watoto niliitafuta mimi, yeye akiwashika miguu. Barua ya kustaafu aliingoja mpaka akaacha kuitaja. Kwao Musumba alikuwa na shamba la mihogo, na kila asubuhi nililazimika kusikia habari zake. Nilimpenda sana. Nilimchukia kidogo pia, maana asipoondoka yeye nafasi yangu haipatikani.

Mwaka jana wakaja makarani wawili kuhesabu watumishi. Waliweka meza barazani, mbele ya akina mama waliongoja chanjo. Jina la titilere likaitwa, naye akasimama akishika ukuta.

"Eko," karani mmoja akasema, akatia alama kwamba yuko.

"Ngoja, tata," mzee akamwambia, akininyoshea kidole. "Minachoka. Muniandike mu bale banakufa. Huyu mama ashike fasi yangu, mi niende kwetu."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Ya kufa inaomba karatasi, tata," karani akajibu kwa upole, kama kwa baba yake. "Titilere wa kituo atie sinyatire na kashe." Yaani sahihi na muhuri.

"Titilere njo miye."

"Basi uko muzima, tata."

Mzee akaketi, akaomba maji. Nilipompa kikombe nikaona machozi, nikageuka nikaanza kupanga kadi zilizokwisha kupangwa.

Mvua zilipoanza akashikwa na kifua. Siku sita alilala katika kitanda kile kile alichopimia watu, na siku ya saba, asubuhi, nikamfumba macho. Barabara ya Musumba ilikuwa tope tupu. Tulimzika hapa hapa, kwenye udongo usioota muhogo.

Nikachukua muhuri wake, nikaandika karatasi ya kifo, nikatia sahihi yangu. Nilipanda taksi-moto mpaka ofisini Dilala, nikamkuta karani yule yule. Aliisoma mara mbili, akaitazama orodha yake.

"Mama, huyu mwenye kutia sinyatire haiko pa liste."

"Ni miye. Miye njo nilimufunga macho."

"Ninajua, mama. Lakini hauko pa liste."

Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima. Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi linalomfaa. Njiani nililia mgongoni kwa dereva wa pikipiki, wala sikujali.

Kituoni nilimkuta mama mmoja barazani, mtoto wake anawaka homa. Aliniuliza kama titilere yuko.

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni.

"Eko, mama," nikamwambia. "Ingiya."