Wageni Kutoka Juu

Mkulima wa Buhinyuza aliyedai viumbe wa angani walitua kwenye maharagwe yake alitugawa hapa Gitega: wengine waliapa ni kweli, wengine tukasema ni pombe ya ndizi. Juzi nilimkuta mjini Muyinga, kofia mkononi, mbele ya meza ya karani wa serikali.

Karani hakuuliza hata walikuwa na macho mangapi. Alinyoosha kiganja. "Mzee, leta daftari ya nyumba." Ni lile daftari ambamo kila nyumba huandikisha wageni wake.

Akalipekua, akatikisa kichwa. "We umepokea wageni, na hapa hakuna kitu. Iko kosa kubwa hii, mzee. Walitoka wapi?"

"Juu, shefu."

"Juu gani? Kirundo, kule kaskazini?"

Mkulima akaelekeza kidevu darini. Karani akaandika: *Juu*.

"Walikuja kufanya nini?"

"Hawakusema."

Karani akafikiri kidogo, akaandika: *Matembezi*. Kisha akagonga mhuri hadi kalamu ikaruka.

Mimi nilikuwa upande wa pombe ya ndizi. Nilipouona mhuri, nikahama. Hata mkulima mwenyewe alilishika daftari kwa mikono miwili, akalisoma mara mbili, akaninong'oneza: "Kumbe walikuja kweli!"